Kuhesabu wanyama wa sakafu ya bahari za barafu ukiwa Moshi: hatua kwa hatua

Picha za sakafu ya bahari za Aktiki na Antaktika ni nyingi kuliko macho ya kuzitazama. Meli ya utafiti ikirudi bandarini huwa na maelfu ya picha, na kila picha inamsubiri mtu wa kukaa, kuitazama taratibu na kuandika ni wanyama gani waliomo na ni wangapi. Mtu huyo si lazima awe kwenye barafu. Mimi kazi hii naifanya hapa Moshi, kwenye meza ya kawaida na kompyuta ya kawaida, pamoja na vijana wa vyuo wanaokuja jioni wakitoka madarasani. Mwongozo huu ndio ninaowapa siku ya kwanza.

Wengi wakisikia kuhusu kazi hii huogopa majina ya Kilatini. Msiyaogope. Jina likikosewa leo, mtaalamu atalirekebisha mwakani kwa kuitazama picha ileile. Lakini ukihesabu bila kuandika umehesabu katika eneo la ukubwa gani na kwa kanuni zipi, hakuna atakayeweza kuiokoa hesabu yako. Hatua karibu zote zilizo hapa chini zinalinda vitu hivyo viwili.

Unachohitaji

Kompyuta yenye skrini nzuri, maana simu haifai kabisa kwa kazi hii. Kipanya, kwa sababu kidole kwenye kompyuta mpakato kitachoka mapema. Hadisiki ya nje ya kuhifadhia picha. Daftari. Na mwenzako mmoja mwenye subira kama yako, ambaye utamhitaji sana katika hatua ya 8.

Hatua ya 1: Chagua mahali palipopigwa picha zaidi ya mara moja

Kufuatilia maana yake ni kurudi. Picha za mwaka mmoja zinakueleza nani anaishi pale, ila hazikuelezi kama hali inabadilika. Kwa hiyo tafuta kituo ambacho meli zimekirudia.

Kwa anayeanza napendekeza HAUSGARTEN. Ni mtandao wa vituo 21 katika Mlango-bahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, ulioanzishwa mwaka 1999 na Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani. Vituo vyake vinaanzia kina cha takribani mita 250 hadi mita 5,500. Meli, mara nyingi Polarstern, huburuta kamera taratibu sana, mita moja na nusu hivi juu ya tope, na kamera hupiga picha kwa kufuatana. Wanarudi kwenye njia zilezile baada ya miaka, na hiyo ndiyo thamani yake.

Upande wa Antaktika kuna picha za Bahari ya Weddell na za maeneo ya Larsen, mashariki mwa Rasi ya Antaktika, ambako rafu kubwa za barafu, yaani barafu nene inayoelea baharini ikiwa imeshikamana na nchi kavu, zilivunjika: Larsen A mwaka 1995 na Larsen B mwaka 2002. Pale ambapo barafu ilifunika bahari kwa muda mrefu, mwanga umeingia na chakula kinaanguka kutoka juu. Ni mahali pa kusisimua, lakini sakafu ya Bahari ya Weddell mara nyingi ina wanyama wengi waliosongamana na waliopandana. Anza na tope la Aktiki, utaona vizuri zaidi.

Kisha andika swali lako kwa sentensi moja. Kwa mfano: je, idadi ya majongoo bahari kwa mita moja ya mraba kwenye kituo hiki imebadilika kati ya mwaka huu na ule? Swali likizidi sentensi moja, ligawe.

Hatua ya 2: Shusha picha pamoja na maelezo yake

Picha nyingi za HAUSGARTEN zimewekwa wazi kwenye hifadhi ya data iitwayo PANGAEA, ya huko Bremen. Kila seti ina namba yake ya kudumu na jedwali la maelezo: tarehe, saa, latitudo, longitudo, kina, na mara nyingi umbali wa kamera kutoka sakafuni. Jedwali hilo lina thamani sawa na picha. Lishushe kwanza.

Mafaili ni makubwa. Tumia intaneti ya chuo au shusha usiku, kidogo kidogo, na uandike umefikia wapi, maana umeme ukikatika katikati usije ukaanza upya. Usibadilishe majina ya mafaili, kwa sababu jina la faili ndilo linaloiunganisha picha na mstari wake kwenye jedwali.

Na tafadhali, msitumiane picha kwa WhatsApp. Programu ile huzibana picha ili ziwe nyepesi, na katika kubanwa huko mnyama wa sentimita moja anageuka vumbi. Tumieni flashi.

Hatua ya 3: Chuja

Ondoa picha zenye tope lililotimka, zenye giza, zilizopigwa kamera ikiwa juu mno au ikiwa imegusa chini. Ondoa pia zinazopishana, ambapo jiwe moja linaonekana katika picha mbili, la sivyo utamhesabu mnyama mmoja mara mbili. Sababu ya kuondoa kila picha iandikwe. Ila angalia: picha isiyo na mnyama yeyote si picha mbaya. Hiyo ni sifuri, na sifuri ni data. Kijana akiniambia, "Mwalimu, hii nimeiruka, haina kitu," tunairudisha palepale.

Zilizobaki zikiwa nyingi kuliko uwezo wenu, chagueni kwa bahati nasibu au kwa mpangilio, kila ya tano au kila ya kumi. Msichague zinazopendeza.

Hatua ya 4: Pima eneo la kila picha

Hapa ndipo nataka mkae kwa muda mrefu.

Kwenye picha nyingi za aina hii utaona nukta ndogo zenye mwanga, nyekundu au kijani. Ni miale ya leza iliyofungwa kwenye fremu ya kamera kwa umbali unaojulikana, na miale hiyo inakwenda sambamba, kwa hiyo umbali kati ya nukta hizo kwenye sakafu ni uleule kamera ikiwa juu au chini. Umbali halisi upo kwenye maelezo ya safari. Usiukisie, kwani hutofautiana kutoka kamera moja hadi nyingine.

Tuchukue mfano. Picha ina pikseli (vile vijiraba vidogo vinavyounda picha) 6,000 kwa 4,000. Leza ziko sentimita 50 kutoka moja hadi nyingine. Unapima kwenye skrini, kwa programu ya bure kama ImageJ, unapata pikseli 1,250 kati ya nukta hizo. Gawanya 50 kwa 1,250: kila pikseli ni sentimita 0.04. Upana wa picha basi ni sentimita 240, urefu sentimita 160, na eneo ni mita za mraba 3.84.

Sasa kamera imeinuka kidogo kwa sababu ya wimbi. Kwenye picha inayofuata nukta zilezile ziko pikseli 1,000 tu. Kila pikseli imekuwa sentimita 0.05, picha ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 2, eneo ni mita za mraba 6. Ukihesabu wanyama 46 katika kila moja ya picha hizi mbili, ya kwanza ina wanyama karibu 12 kwa mita ya mraba na ya pili ina 7.7. Idadi ni ileile, ila msongamano umetofautiana kwa zaidi ya theluthi moja. Ni sawa na kutangaza una migomba mia bila kusema kihamba chako kina ukubwa gani.

Kuna jambo la pili ndani ya hilo. Kamera ikiinuka, wanyama wadogo wanapotea. Kwa hiyo weka mipaka ya eneo tangu mwanzo, kwa mfano kutumia tu picha zenye mita za mraba 3 hadi 5, na weka ukubwa wa chini wa mnyama utakayemhesabu. Sisi tunatumia sentimita 1. Kwa picha ya kwanza hapo juu, huyo ni mnyama wa pikseli 25, anaonekana bila kubishana.

Pembe za picha zikiwa na giza, kata fremu ya katikati ya ukubwa mmoja kwa picha zote na upige hesabu ya eneo upya. Kama picha haina leza, tumia umbali wa kamera na pembe ya lenzi ikiwa vimeandikwa. Visipokuwepo, picha hiyo itumie kujifunzia wanyama tu.

Hatua ya 5: Jifunze wakazi kabla ya kuhesabu

Usianze kuhesabu siku ya kwanza. Tazama picha za miaka yote bila kuandika idadi, na kila sura mpya ikate, iweke kwenye katalogi yenu na uipe namba.

Msitarajie rangi za miamba ya Pemba. Maji ya chini kule Fram yana baridi chini kidogo ya nyuzi 0, na kwenye Antaktika bahari hukaribia nyuzi 1.9 chini ya sifuri, ambapo maji ya chumvi huanza kuganda. Giza ni la kudumu kwenye kina hicho. Chakula ni mabaki yanayoshuka kutoka juu wakati wa majira mafupi ya mwanga. Na bado sakafu imejaa uhai, ambao umenifanya nibaki kwenye kazi hii.

Kwenye tope la HAUSGARTEN utakutana na majongoo bahari wadogo, Kolga hyalina na Elpidia heckeri, ambao miguu yao huonekana pembeni mwa mwili. Utakutana na krinoidi, hasa Bathycrinus carpenterii, mnyama wa jamii pana ya viti vya pweza anayesimama juu ya shina jembamba na kutandaza mikono kukamata chembe. Watakuwepo anemoni, konokono, buibui bahari na kamba wa jenasi Bythocaris.

Angalia sana mawe. Mengi yalisafiri ndani ya barafu na kudondoka barafu ilipoyeyuka. Katikati ya tope tupu jiwe moja linaweza kubeba sponji, anemoni na krinoidi kwa pamoja, kwa sababu ndipo penye pa kushika. Usipoandika kama picha ina jiwe au haina, unaweza kudhani wanyama wameongezeka kumbe mwaka ule kamera ilipita penye mawe mengi. Kwa hiyo kila picha ipewe alama ya aina ya sakafu: tope, kokoto, jiwe kubwa, mwamba.

Antaktika ni ulimwengu mwingine. Huko utakuta sponji za kioo za jenasi Rossella ambazo mifupa yao ni ya silika, kiti cha pweza mwekundu Odontaster validus kwenye kina kifupi, na mnyama mwingine wa duara mwenye miiba mwili mzima, Sterechinus neumayeri. Kaa wenye nguvu za kuvunja magamba, wa kawaida kwenye bahari nyingine, hawapo kwenye sehemu kubwa ya maji yale, na wanyama wanaokaa wazi juu ya sakafu wanastawi.

Kuhusu majina: yahakiki kwenye Rejista ya Dunia ya Spishi za Bahari, WoRMS, ambayo ni bure. Na usitoe jina kubwa kuliko ushahidi ulio nao. Picha haionyeshi meno wala mifupa midogo ya ndani. Kama huwezi kutofautisha Kolga na Elpidia kwenye picha yenye ukungu, andika Elpidiidae, familia yao wote wawili. Kama hujui kabisa, andika "jongoo bahari, aina ya 3" na uhakikishe aina ya 3 ina picha kwenye katalogi. Hilo ni jibu la kisayansi kamili, si aibu.

Hatua ya 6: Andika kanuni, zichapishe, zibandike ukutani

Kanuni ziandikwe kabla ya hesabu ya kwanza na zisibadilishwe katikati. Kwetu ni hizi. Mnyama aliyekatwa na ukingo wa juu au wa kushoto anahesabiwa, wa ukingo wa chini au wa kulia hahesabiwi. Ganda tupu halihesabiwi. Shina la krinoidi lisilo na mikono halihesabiwi ila linawekewa alama yake pekee. Mirija ya minyoo inahesabiwa tu kama mnyama anaonekana. Nyayo na mashimo kwenye tope yana safu yake. Samaki wana safu yao, kwa kuwa wana uti wa mgongo na huogopa taa. Viumbe vya koloni, yaani wengi wadogo walioungana kuwa mwili mmoja, kama matumbawe laini, koloni moja ni moja.

Na takataka zinaandikwa: plastiki, kamba, vioo. Kwenye kituo kimoja cha HAUSGARTEN chenye kina cha mita 2,500 hivi, watafiti waliohesabu takataka kwenye picha walikuta zimepanda kutoka takribani vipande 3,600 kwa kilomita ya mraba mwaka 2002 hadi takribani 7,700 mwaka 2011. Ushahidi ule ulitoka kwenye picha zilizopigwa kwa ajili ya wanyama.

Hatua ya 7: Changanya miaka, kisha weka alama

Hatua hii huwa inarukwa, na kuruka huko kunaharibu kazi nzima. Jicho hujifunza. Wiki ya kwanza utawaona majongoo bahari wakubwa tu. Baada ya muda utaanza kuwaona hata wadogo waliojizika nusu. Ukianza na picha za mwaka wa zamani na kumalizia na za karibuni, jedwali lako litaonyesha ongezeko zuri la majongoo bahari, na ongezeko hilo lote litakuwa limetoka kwenye jicho lako.

Dawa yake ni rahisi. Weka majina ya mafaili ya miaka yote kwenye jedwali moja, zalisha namba za bahati nasibu pembeni, panga kwa namba hizo, kisha fanya kazi kwa mpangilio huo bila kutazama mwaka. Ikiwezekana, mwenzako ndiye abaki na orodha ya miaka.

Kuweka alama tunatumia BIIGLE, programu ya bure inayofunguka kwenye kivinjari, yenye chimbuko lake Chuo Kikuu cha Bielefeld. Unabofya juu ya mnyama, unachagua lebo kutoka kwenye orodha yenu. Kuza picha hadi saizi yake halisi na uipitie kwa mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, juu hadi chini. Usirukie kitu kinachovutia katikati. Pumzisha macho baada ya kila picha chache, angalia nje, mbali.

Ukimaliza, tumia sehemu iitwayo Largo. Inakusanya vipande vyote vyenye lebo moja na kuvionyesha kwa pamoja kwenye skrini. Makosa yanajitokeza yenyewe: kati ya krinoidi mia moja, anemoni aliyepewa lebo isiyo yake anaonekana mara moja. Naona hatua hiyo ndogo inaongeza ubora wa kazi kuliko kitabu chochote cha utambuzi.

Hatua ya 8: Mwenzako arudie

Chukueni sehemu ya picha, tuseme moja katika kumi, na mtu wa pili azihesabu bila kuona alama zako. Linganisheni aina kwa aina. Kwa wanyama wakubwa mtakubaliana. Kwa wadogo mtatofautiana, na ndipo mtakaa pamoja mezani. "Dada, hili wewe umeliita sponji?" "Ndiyo kaka, tazama tundu hapa juu." Mazungumzo hayo yaandikwe kwenye katalogi.

Kama kwa aina fulani tofauti zenu hazipungui hata baada ya mazungumzo, iunganisheni na kundi kubwa zaidi au iondoeni kwenye uchambuzi. Inauma kumwondoa mnyama uliyemhesabu kwa wiki nzima, lakini namba ambayo watu wawili makini hawaipati haiwezi kumweleza mtu kuhusu bahari.

Hatua ya 9: Piga hesabu

Toa alama kama faili la CSV (jedwali la maandishi linalofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali), liunganishe na jedwali la maeneo kwa jina la picha. Kwa kila picha gawanya idadi ya wanyama kwa eneo. Kisha tafuta wastani wa kila mwaka pamoja na mtawanyiko wake, yaani namba za picha zinatofautiana kiasi gani na wastani huo. Wastani peke yake hautoshi. Jedwali la kawaida linatosha, na anayejua R, programu ya bure ya takwimu, atafanya vizuri zaidi.

Tahadhari moja: picha mia mbili za mstari mmoja, yaani za njia moja ya kamera, si ushahidi mia mbili unaojitegemea. Zimepigwa jirani, siku moja, kwenye tope moja. Kama una mistari miwili kwa mwaka, basi ushahidi wako uko karibu zaidi na mbili.

Hatua ya 10: Soma matokeo polepole

Namba zikishuka, usikimbilie kusema joto la dunia. Kwanza uliza: kina ni kilekile? Mwezi ni uleule? Kamera ilibadilishwa? Kamera mpya huona zaidi, na mabadiliko ya kamera yamewahi kufanana na mabadiliko ya bahari.

Ukishajibu hayo, ndipo uingie kwenye sababu za kule. Kwenye kina kifupi cha Antaktika milima ya barafu inayoelea hukwaruza sakafu na kufuta kila kitu njiani mwake, kwa hiyo sehemu tupu inaweza kuwa jeraha la msimu uliopita. Kwenye kina kirefu, chakula kinachoshuka ndicho kinachoamua mengi, nacho hutegemea barafu na mwanga wa juu. Kwenye eneo la Larsen A, watafiti waliolinganisha mwaka 2007 na 2011 walikuta sponji za kioo zimeongezeka mara tatu kwa idadi na mara mbili kwa uzito wa jumla. Kabla ya hapo wengi waliamini sponji hizi hukua kwa kasi ndogo mno, kwa hiyo ongezeko la miaka minne tu lilikuwa habari. Wakati huohuo, HAUSGARTEN kati ya 2002 na 2007, kwenye kituo cha mita 2,500, idadi ya wanyama wakubwa wa sakafuni ilipungua. Ncha mbili za dunia haziendi kwa hatua moja, na kituo kimoja hakiwezi kuzungumzia bahari nzima.

Hatua ya 11: Hifadhi ili mwingine aendelee

Weka pamoja katika folda moja: orodha ya picha zilizotumika na zilizoondolewa, jedwali la maeneo, kanuni zenu kama zilivyobandikwa ukutani, katalogi, alama ghafi za kila mtu na jedwali la mwisho. Andika toleo la kanuni na tarehe. Taja namba ya kudumu ya kila seti ya picha, maana waliosafiri kuzipiga wanastahili kutajwa. Nakala moja ikae kwenye hadisiki, nyingine mtandaoni, ya tatu nyumbani kwa mwenzako.

Kama mnasoma Arusha, pale Tengeru au kwingineko, na mnataka kujaribu na sisi, anzeni na picha 30 za kituo kimoja na mfike hatua ya 8 kabla ya kuongeza nyingine. Walio karibu na pwani wanaweza kuzitumia hatua zilezile kwa picha za matumbawe na nyasi bahari za kwetu. Kitakachobadilika ni katalogi na kanuni chache za koloni.